Rivolva ama bastola? Uliza Isiolo kwanza

Wiki jana binamu yangu alikuja nyumbani, akakaa kwa kiti ya mama, akaniuliza: "Buda, wewe ndio unasomanga hizi vitu. Nikitaka kulinda boma, nitafute rivolva ama bastola ya magazini?" Hakuwa anacheka. Mbuzi zake zimeibiwa mara mbili mwaka huu. Mimi chuo niliacha, lakini historia sikuiacha, kwa hivyo wacha nimjibu hapa na nyinyi mkisikia.

Kwanza swali lenyewe. Rivolva ina silinda inayozunguka, mara nyingi na risasi tano ama sita. Risasi moja ikikataa kulipuka, unavuta tena, silinda inaleta ingine. Bastola ya magazini hutumia nguvu ya risasi iliyotoka kupakia inayofuata. Inabeba nyingi, lakini ikikwama lazima mkono ujue kuikwamua, na mkono unaotetemeka gizani haujui kitu. Webley ya risasi sita iliingia jeshi la Uingereza 1887. Browning Hi-Power ya 1935 ilibeba 13. Mjadala wote uko hapo: uhakika ama wingi.

Sasa cheki. Huo mjadala unadhani kuna mwizi mmoja na mlango mmoja. Hapa Isiolo bunduki haijawahi kuwa mambo ya mtu mmoja na mlango wake.

Juni 1963, DC wetu Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dido waliuawa kwa risasi. Leo tunapita Wadi ya Wabera na hatuulizi jina limetoka wapi. Desemba hiyo hiyo serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini, vita vya Shifta vikaanza kwa ukali. Waliobeba bunduki walikuwa wachache, lakini adhabu ilikuwa ya wote. Watu walikusanywa kwa kambi, kama Garba Tulla na Merti, na mifugo ikaisha. Nyanya huita huo wakati Daba, na akiutaja huwa ananyamaza. Vita viliisha 1967. Mwaka wa 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyofanya huku.

Halafu ikaja 1991. Januari Siad Barre akaanguka Somalia, Mei Mengistu akaanguka Ethiopia. Silaha za majeshi mawili zikavuka mipaka, na AK-47 ikafika malishoni. Jirani akipata chuma, na wewe unatafuta. Ukipata, yeye anatafuta kubwa zaidi. Kila mtu alisema anajilinda tu, na kila mtu alikuwa anasema ukweli. Hiyo ndiyo shida.

Kwa hivyo binamu, jibu langu ni hili: hakuna hata moja. Ya leseni unaombea Bodi ya Leseni za Silaha, na wanakuchunguza kwanza. Ya kichochoroni itakupeleka jela. Na hata ukipata ya halali, mwizi wa mbuzi huja kwa sababu ya mbuzi. Akisikia una chuma, atakuja kwa sababu ya chuma, na hatakuja peke yake.

Kitu kimewahi kusaidia huku ni watu kukaa chini. Mwaka wa 2001 wazee na viongozi walikutana Modogashe, wakaweka masharti ya malisho, ya silaha haramu, ya wizi wa mifugo. Ukiua mwanaume, fidia ni mifugo 100, mwanamke, 50. (Hiyo 50 tutaongea siku ingine.) Mkataba huo haukumaliza vita, lakini ulifanya jamii ya mwizi iwe na deni. Rivolva haiwezi hiyo.

Binamu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na wakirudi leo usiku?"

Sikuwa na jibu tamu. Nilimwambia nitalala kwake, na asubuhi twende pamoja kwa wazee na kwa chifu. Akachukua tochi, tukaenda.