Kunoki, kusere na buji

Fundi wa Dar es Salaam akisema injini “imenoki”, mwenye nayo hushika kichwa. Neno limetoka Kiingereza, ambako lilitaja tu ule mlio wa chuma kugongana. Kiswahili kikaruka kelele, kikachukua kifo chenyewe. Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, tumeazima kutoka Kifaransa: motere (injini) “imesere”, yaani imekaza, pistoni imeumana na silinda. Naona ni sahihi zaidi, kwa sababu jenereta ndogo iliyolala miezi katika unyevu wa Kivu haigongi kitu. Inashikwa na kutu, kimya.

Na iliyoshikwa na kutu mara nyingi hufunguka, tofauti na ile iliyoungua kwa kukosa oili. Usivute kamba kwa hasira. Toa buji, yaani plagi ya kuwashia injini, mimina oili kidogo tunduni, iache ilale. Kesho yake zungusha gurudumu la motere kwa mkono, mbele na nyuma, taratibu.

Buji, kumbuka, kwetu ni mshumaa pia, kama katika Kifaransa. Umeme ukikatika Kadutu, hapa Bukavu, mmoja anatafuta buji ya kuwasha mezani, mwingine buji ya kuwashia jenereta, na dukani wote wanauliza neno lilelile.