Njia ya Reli na Njia ya Sauti

Msomaji, Muthurwa ya Nairobi ina majirani wawili wasionyamaza: reli na soko. Nyumba zake zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, ile reli iliyofika Nairobi mwaka 1899. Soko lilifuata baadaye sana, mwaka 2008.

Mwezi wa Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya korona. Mimi, mwalimu, nilijaribu kuwafundisha watahiniwa wangu kwa kompyuta kuukuu, nikiwa chumbani mwangu Muthurwa. Kompyuta hiyo iliendeshwa na Linux, mfumo usiodai ada. Nilinunua hedifoni ya USB, yaani chombo kivaliwacho kichwani chenye kipaza sauti mbele ya mdomo, ili wanafunzi wanisikie mimi, si wachuuzi wa viatu. Nilipoichomeka, taa yake iliwaka, lakini haikutoa sauti wala kupokea neno. Somo la siku ile likapotea, na mtihani haukuwa mbali.

Ili uijue sababu, sharti turudi nyuma. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza mfumo alioutunga. Maandishi yake yaliachwa wazi, kila mtu ayasome, ayarekebishe na kumpa mwenziwe. Lakini mfumo ule ulizaliwa bubu. Mfini mwingine, Hannu Savolainen, alianza kuupa sauti mwaka 1992. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela, Mcheki, alianzisha kazi iitwayo ALSA, ambayo mwaka 2003 ilitolewa ikiwa sehemu ya Linux 2.6.

Wakati huohuo watengenezaji wa vyombo walikuwa wakipatana. Kanuni za USB zilitolewa mwaka 1996, na za vyombo vya sauti vya USB mwaka 1998. Faida ya mapatano hayo mtoto wa Muthurwa aweza kuielewa upesi. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000; behewa lililotengenezwa kwa kipimo hicho hupita Mombasa, Nairobi na Kampala bila kuulizwa limetoka kiwanda gani. Reli mpya ya mwaka 2017 ina milimita 1,435, na behewa la njia moja haliwezi kupita katika nyingine. Vivyo hivyo, hedifoni ifuatayo kanuni hutambuliwa na Linux bila kuletewa programu ya mtengenezaji wake.

Basi, mbona yangu ilinyamaza? Kwa sababu hedifoni ya USB hubeba kadi yake yenyewe ya sauti. Kompyuta yangu sasa ilikuwa na kadi mbili, nayo ikaendelea kupeleka sauti katika ile ya kwanza. Behewa lilikuwa zima. Swichi ya njia ndiyo iliyoelekea upande mwingine. Lennart Poettering, Mjerumani, alikuwa ameanza mwaka 2004 programu ya PulseAudio, iwezeshayo sauti kuhamishwa kutoka kadi hadi kadi. Nilifungua ukurasa wa sauti, nikachagua hedifoni kwa kusikiliza na kwa kusema pia, nikaondoa alama ya kunyamazisha. Somo lililofuata walinisikia.

Usidhani kazi hii ni ya Ulaya pekee. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Msomaji kijana, elimu iliyofungiwa kabatini hurekebishwa na mwenye ufunguo tu. Elimu iliyo wazi hurekebishwa hata na mwalimu mwenye kompyuta kuukuu. Watu niliowataja hawakuijua Muthurwa, lakini kazi yao ilifika chumbani mwangu, kwa sababu kila mmoja aliacha mlango wazi kwa anayekuja nyuma. Nawe utakapojifunza jambo, usilifungie. Kidole kimoja hakivunji chawa.