Ukinunua gari kuukuu la michezo, kagua bodi kabla ya injini

WAPENZI wa mbio za magari Afrika Mashariki wanaikumbuka Datsun 240Z, gari la milango miwili kutoka Japani lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mara hiyo ya pili likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda.

Anayetaka kununua gari la aina hiyo ili alifufue, mara nyingi hukimbilia kufungua boneti. Hapo ndipo hukosea. Injini yake ya silinda sita, yenye ujazo wa lita 2.4, haina kompyuta. Fundi mzoefu anaweza kuifungua, kuchonga silinda, kubadilisha pistoni na ringi, na kusafisha kabureta zake mbili.

Adui mkubwa ni kutu. 240Z haina fremu ya pekee kama lori. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba injini na magurudumu. Kutu ikishakula sakafu, kingo za chini ya milango na mahali pa betri, gharama ya kuchomelea mabati mapya huweza kupita bei ya gari.

Kwa hiyo, mnunuzi anapaswa kuinua mazulia, kuingia chini ya gari na tochi, na kupitisha sumaku juu ya rangi. Isiponata, huenda pamezibwa kwa puti. Kisha alinganishe namba za bodi na injini na zilizoandikwa kwenye kadi ya gari.

Ni heri injini iliyokufa ndani ya bodi nzima kuliko injini nzima ndani ya bodi iliyooza.