Dang'a

Usiku wa tatu mwanangu alilia mpaka sauti ikamkauka. Kila nilipompa titi alishika kidogo, akaachia, akageuza uso. Nilikamua kwa vidole, yakatoka matone machache ya manjano, mazito kama asali. Shangazi akachungulia, akatikisa kichwa. "Hayo si maziwa, mwanangu. Mtoto ana njaa." Asubuhi alirudi kutoka dukani na kopo, akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo ningeliona kila nikifumbua macho.

Matone hayo yana jina: dang'a. Nyanya, aliyekuja kukaa nasi hapa Mombasa siku zote arobaini akinipikia uji wa pilipili manga, aliniambia kwamba zamani kwao yalikamuliwa yakamwagwa, ati ni uchafu. Leo kliniki hufundisha kuwa ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na kwamba uchache wake unatosha kwa sababu tumbo la kichanga ni dogo mno. Maziwa mengi huja baada ya siku mbili tatu, wengine hungoja zaidi. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Saa tisa usiku, mtoto akilia, niliyoyasoma hayakunisaidia hata kidogo.

Nyanya alilitazama lile kopo akaguna. Mama yangu alizaliwa mwaka 1972. Hakumaliza wiki mbili, Nyanya anasimulia, akaja mwanamke wa sare nyeupe na viatu vyeupe, akambeba mtoto, akamsifu, akaacha kopo la bure. Nyanya alidhani ametumwa na serikali. Kopo lilipokwisha, kifua nacho kilikuwa kimekauka, maana maziwa huja kwa kunyonywa. Mtoto asiponyonya, mwili huacha kuyatengeneza. La pili likabidi linunuliwe. Ili lifike mwisho wa mwezi, Nyanya alizidisha maji. Mama aliharisha mara kwa mara hadi alipoanza kutembea. Alipona. Nyanya huiruka haraka sehemu hiyo.

Mtoto kwapani, simu mkononi, nilianza kumtafuta yule mwanamke wa sare nyeupe. Nikamkuta Singapore, miaka mingi kabla ya mama yangu kuzaliwa.

Aliyemwona huko ni Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaika. Kabla ya hapo alifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, ambako watoto walikuwa wakivimba miguu na kubabuka ngozi. Aliwauliza akina mama wenyewe ugonjwa unaitwaje. Wakamjibu kwa lugha ya Ga neno ambalo sisi tumelifanya kwashiakoo: maradhi ya mtoto anayepokonywa nafasi yake mdogo wake akija. Watu wa kwetu wanaosema mtoto amebemendwa wasingehitaji kuelezwa sana. Mwaka 1935 Williams alilichapisha neno hilo katika jarida la Lancet, nalo likabaki jina la ugonjwa duniani kote. Ninampenda kwa hilo tu, kwamba aliuliza.

Alipohamishiwa Malaya alikuta makampuni yakiwatumia wanawake waliovaa kama wauguzi kuwashawishi wazazi kwamba maziwa ya kopo yenye sukari yanafaa kichanga. Mwaka 1939 alisimama mbele ya klabu ya Rotary ya Singapore na hotuba aliyoiita "Maziwa na Mauaji". Alitaka vifo vilivyotokana na propaganda hiyo vihesabiwe kuwa mauaji. Kisha vita vikaja, Wajapani wakaiteka Singapore, naye akafungwa Changi.

Hotuba yake haikulizuia kopo kufika kwetu. Mwaka 1974 shirika la War on Want la London lilitoa ripoti ya mwandishi Mike Muller kuhusu biashara hiyo katika nchi maskini. Kikundi cha Uswisi kiliitafsiri kwa kichwa kinachosema Nestlé inaua watoto, kikashtakiwa. Mwaka 1976 mahakama ya Bern ilikitia hatiani kwa kashfa, faini ikawa ndogo, na hakimu akaiambia kampuni ifikirie upya matangazo yake. Mei 1981 nchi 118 zilipitisha kanuni ya kimataifa inayokataza kuwapa akina mama sampuli za bure. Marekani peke yake ilipiga kura ya kupinga. Sheria ya Kenya ilikuja mwaka 2012, na mama yangu ana miaka arobaini.

Shangazi simlaumu. Alirudi sokoni wanawe wakiwa wachanga, na bila kopo wangekula nini? Kilichonifaa mimi ni muuguzi wa kliniki aliyenionyesha, siku ya nne, kwamba mtoto alikuwa akishika chuchu tu. Mdomo wake ulipaswa kumeza na ule weusi unaoizunguka. Usiku huo nililala nimelowa maziwa hadi kiunoni.

Nilipomsimulia Nyanya habari za Singapore, aliuliza kitu kimoja tu: yule mwanamke alijua? Nikamwambia baadhi yao walikuwa wauguzi kweli, waliosomea kazi hiyo.

Alinyamaza, akamchukua mtoto ili amcheulishe.

"Alikuwa na mikono laini," akasema. "Alimshika mama yako vizuri."