Kisukuku

Redioni tunasikia "mafuta ya kisukuku" karibu kila siku, na kwa wengi neno hili limebaki kunuka petroli tu. Lina upana zaidi. Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa mwambani. Gamba la konokono unaloliokota mchangani hapa Kivukoni, kando ya Mto Kilombero, si kisukuku; ni la juzi.

Huko Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walisimamia uchimbaji wa mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913, wapagazi wakiibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi. Sifa zote zimeiendea mifupa. Kwangu mimi, shahidi mkubwa ni amonaiti, jamaa wa pweza na ngisi, mwenye gamba lililojisokota kama pembe ya kondoo dume. Huyu aliishi baharini tu. Basi tabaka lenye gamba lake lilikuwa sakafu ya bahari, na Tendaguru matabaka ya bahari yamepishana na yale ya mifupa: miaka milioni 150 hivi iliyopita, maji yalipanda, yakarudi, yakapanda tena. Miamba ya Mombasa nayo ina visukuku vya amonaiti wa Jurasiki, kipindi kilekile cha dinosaria wa Tendaguru.