Bulange

Bulange ni jengo la Lukiiko, baraza la ufalme wa Buganda, na makao makuu ya serikali ya Kabaka, yaani mfalme. Liko Mengo, magharibi mwa kitovu cha Kampala. Lilijengwa kati ya 1955 na 1958, enzi ya Kabaka Mutesa II.

Usanifu

Umbo lake ni la ukoo mmoja na kumbi za miji ya Uingereza: mbawa mbili zinazolingana kulia na kushoto, lango kuu katikati, na mnara wenye kilele kilichochongoka. Mfano mashuhuri wa kumbi hizo ni ule wa Leeds, uliosanifiwa na Cuthbert Brodrick na kufunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1858, karne moja kabla Bulange halijakamilika.

Tofauti iko katika mwelekeo. Ukumbi wa Leeds ulitangaza fahari ya madiwani wa mji wa viwanda; Bulange limeelekezwa kwa mfalme. Barabara ya Kabaka Anjagala, yenye urefu wa takriban maili moja, inanyooka kutoka langoni pake hadi Twekobe, ikulu iliyo ndani ya Lubiri, boma la Kabaka, na kandokando yake zimewekwa nembo za koo za Baganda. Kwa uashi wake na pembe zake za mraba, jengo hili pia liliachana na mtindo wa nyumba kuu ya Kasubi, penye makaburi ya wafalme wa Buganda, iliyojengwa 1882 kwa miti, matete na nyasi katika umbo la duara.

Historia

Ujenzi ulianza mwaka ambao Mutesa II alirejea kutoka uhamishoni Uingereza, alikopelekwa na Gavana Andrew Cohen mwaka 1953. Mei 1966 Lukiiko iliitaka serikali kuu ya Uganda iondoke katika ardhi ya Buganda. Siku chache baadaye jeshi la Rais Milton Obote lilishambulia Lubiri na Kabaka akakimbia. Falme zilifutwa mwaka 1967, na Bulange likawa makao ya wizara ya ulinzi kwa jina la Republic House.

Ufalme ulirejeshwa mwaka 1993, Ronald Mutebi II akatawazwa, na jengo likarudi mikononi mwa Buganda. Leo Lukiiko hukutana humo, Katikkiro, waziri mkuu wa ufalme, ana ofisi yake humo, na wageni huruhusiwa kulitembelea.