Majani ya Mabira na friza ya Dar

Leo tuongelee majani. Hapana, sio hayo unayofikiria wewe. Naongelea mchaichai, kivumbasi, kotimiri, rozimeri, na yule mchungu wao, omubirizi. Majani ambayo mtu anatoka nyuma ya jiko, anakata, anarudi na kuyatia kwenye birika, kwenye supu au kwenye sufuria ya dawa.

Siku hizi hapa Dar kuna mtindo. Mtu akiletewa mzigo kutoka nyumbani, anayaosha majani, anayakatakata, anayajaza kwenye trei ya barafu na kuyatupa ndani ya friza. Miezi mitatu baadaye anatoa kidonge kimoja cha kijani, anakitumbukiza kwenye chai, na chumba kizima kinanukia kwao. Nimeona wenzangu wengi wakifanya hivyo, na mimi mwenyewe nafanya. Ila kazi ya uandishi imeniharibu, kila kitu nakiuliza kilianza lini na kwa nini. Na swali linalonisumbua ni hili: mbona bibi yangu kule Mabira, anayejua majani kuliko sisi wote, hakuwahi kuhifadhi hata jani moja?

Kwanza niwaeleze Mabira yenyewe, maana ukiandika jina hilo kwenye Google utaletewa msitu wa Uganda, ule ambao mwaka 2007 watu waliandamana Kampala baada ya serikali kutaka kumpa mwenye kiwanda cha sukari sehemu yake. Mabira yangu ni kata. Iko Kagera, katika wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Karagwe. Ni nchi ya Wanyambo, nchi ya migomba, kahawa na maharage.

Jibu la swali langu liko kwenye kitu kinachoitwa kibanja. Wasiotoka kwetu wakisikia kibanja wanadhani ni kiwanja kidogo cha kujenga. Kwetu kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba. Migomba juu, kahawa chini yake, maharage chini ya kahawa, na karibu na mlango wa jiko ndipo yanapokaa majani. Kagera ina misimu miwili ya mvua, kama Septemba mpaka Desemba na tena Machi mpaka Mei. Hata katikati ya kiangazi, kivuli cha migomba na matandazo ya majani makavu hushikilia unyevu. Maji ya kuoshea vyombo nayo yanamwagwa hapo hapo. Kwa hiyo kichaka cha mchaichai nyuma ya jiko hakifi kirahisi. Ukikikata leo, wiki chache zijazo kimerudi.

Sasa niambie, mtu wa namna hiyo ahifadhi majani ya nini? Jani lilikaa bichi kwa sababu lilikuwa bado kwenye shina lake. Hii ndiyo teknolojia ya kwanza ya kuhifadhi majani, na haihitaji umeme.

Usidhani watu wa kwetu hawakujua kuhifadhi. Walijua sana. Maharage yalikaushwa na kuwekwa ghalani. Samaki walibanikwa kwa moshi. Senene, wale panzi wetu ambao watu wa mikoa mingine hutucheka kwa ajili yao (halafu wakionja wanaomba waongezwe), walikaangwa na kukaushwa ili wavuke msimu. Vyote hivi ni vitu vinavyokuja kwa msimu kisha vinatoweka. Kinachotoweka ndicho kinachohifadhiwa.

Lakini kuna kitu kimoja kinachonifurahisha zaidi: kahawa ya kutafuna. Kabla Mzungu hajatufundisha kuikaanga na kuinywa, watu wa upande huu wa Ziwa Victoria, hasa Wahaya, walichuma kahawa ya robusta, wakaichemsha pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha wakaikausha. Punje hizo zilikaa muda mrefu bila kuharibika. Mgeni akifika anapewa atafune. Msafiri anaondoka nazo. Hata katika kuchanjiana udugu wa damu, punje za kahawa zilitumika. Angalia kilichofanyika hapo. Jani lenyewe halikuhifadhiwa, lakini harufu yake iliingizwa ndani ya punje ya kahawa ili iweze kusafiri. Na ilifanyiwa nani? Mgeni na msafiri. Aliyebaki nyumbani hakuwa na shida hiyo, yeye alikuwa na kichaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuliona jambo lenyewe. Nilipozidi kusoma nikakuta kwamba majani huhifadhiwa na mtu aliye safarini, au aliye mbali na shamba. Nina mashahidi wawili.

Shahidi wa kwanza alipita Karagwe. Mwezi Novemba 1861 wasafiri wawili wa Kiingereza na wa Kiskoti, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Bweranyange kwa Omukama Rumanyika, wakapokelewa vizuri. Speke alikuwa na haraka ya kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile, akaondoka Januari 1862. Grant akabaki. Mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, hakuweza kutembea, na alikaa Karagwe mpaka Aprili. Vitabu vya historia vinamtaja kama yule aliyekosa kuliona chanzo cha Nile. Kwangu mimi Grant ni mtu wa kwanza kuandikwa kwamba alihifadhi majani ya Karagwe. Katika safari ile alikusanya mimea, akaibana katikati ya karatasi ikauka, akaandika ilikotoka na wenyeji wanaitumiaje. Mkusanyiko huo ulifika Uingereza, ukachapishwa na jumuiya ya wanasayansi ya Linnean kati ya 1872 na 1875, na mimea yake iko Kew, London, hadi leo.

Hebu fikiria. Kuna majani kutoka njia hiyo, yaliyokatwa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa, ambayo bado yapo. Ila hayanukii. Huwezi kuyachemshia chai. Karatasi ilihifadhi umbo na jina, ikaacha harufu.

Shahidi wa pili hakuwahi kufika kwetu. Anaitwa Clarence Birdseye, Mmarekani. Kuanzia mwaka 1912 alikuwa Labrador, Kanada, nchi ya barafu na theluji, akifanya biashara ya ngozi za wanyama. Huko aliwaona wenyeji Wainuiti wakivua samaki na kumwacha kwenye upepo wa baridi kali, samaki akaganda papo hapo, na miezi baadaye akiyeyushwa ana ladha kama ametoka majini leo. Birdseye naye alikuwa na shida ya mboga, maana majira ya baridi huko hakioti kitu na mboga zilitegemea meli. Akajaribu kugandisha mpaka kabichi. Baadaye, kwao Marekani, akatengeneza mashine ya kugandisha chakula kwa haraka, na Machi 1930 vyakula vyake vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts. Kila pakiti ya njegere unayoiona kwenye friza la supamaketi ni mjukuu wa samaki yule wa Labrador. Sifa alipewa Birdseye, lakini elimu aliikuta kwa Wainuiti.

Ubaridi wa mashine ulitufikiaje sisi? Sio kwa ajili ya majani, hilo nakuhakikishia. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji inayofanya kazi kwa moto badala ya mota. Ndiyo iliyozaa friji za mafuta ya taa zilizosambaa kwenye misheni, hospitali na zahanati zisizo na umeme katika Afrika. Mpango wa taifa wa chanjo kwa watoto ulipoanza mwaka 1975, friji hizo na maboksi yenye barafu ndivyo vilivyobeba chanjo vijijini. Kwa hiyo katika vijiji vingi vya nchi hii baridi ya kwanza ya mashine ilikuwa ya sindano. Ya pili ilikuwa ya bia na soda. Majani yalikuwa mwisho kabisa wa foleni.

Na umeme nao ulichelewa. Kwa miaka mingi Kagera ilinunuliwa umeme kutoka Uganda kwa sababu gridi ya taifa haikufika, na Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 tu. Kwa hiyo mtu wa Mabira na friza ni watu wanaofahamiana juzi juzi. Friza ya majani ya Mabira ilianzia mjini, kwetu sisi tuliokuja kusoma tukabaki. Kati ya Dar na Kyerwa kuna zaidi ya kilomita 1,400. Kichaka hakipandi basi. Grant alitumia karatasi, Wahaya walitumia punje ya kahawa, Birdseye alitumia barafu, na sisi tunatumia trei.

Kama na wewe ni wa trei, basi tufanye vizuri. Jani bichi sehemu kubwa ni maji. Maji yakiganda yanafanya chembe za barafu, na chembe hizo huvunja kuta za seli. Ndiyo maana jani likiyeyuka linalegea kama kitambaa kilicholowa. Ukigandisha polepole chembe zinakuwa kubwa na uharibifu mkubwa, ukigandisha haraka zinakuwa ndogo. Ndiyo siri ya Labrador. Kwa hiyo osha majani, kausha maji yote kwa kitambaa safi, yatandaze kwa tabaka jembamba, usirundike mafungu. Yakishaganda yaweke kwenye mfuko na utoe hewa. Rozimeri hugandishwa na kijiti chake bila tatizo. Kotimiri na nanaa kata, jaza kwenye trei, mimina maji kidogo. Mrihani huwa mweusi, basi uchovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, kisha maji ya baridi, ndipo ugandishe, au uusage na mafuta. Ukiusaga na mafuta uingize friza mara moja. Majani mabichi ndani ya mafuta yakiachwa mezani yanaweza kuzalisha sumu ya hatari isiyo na harufu.

Friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri hupunguza kasi ya kuharibika, haiisimamishi. Ndani ya miezi michache harufu inaanza kuondoka. Yakishayeyuka usiyagandishe tena. Na umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa hukaa na baridi yake karibu siku mbili, ya nusu karibu siku moja. Waliokuwa watu wazima wakati wa mgawo wa mwaka 2006, mabwawa yalipokauka, hawahitaji somo hili.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Tukifungua friza na kukuta mifuko imejaa, tunajisikia tumetimiza wajibu, kwamba nyumbani kupo, tunako hapa kwenye barafu. Lakini jani lililoganda halioti. Mwisho wa mwezi wa tano au wa sita linakwisha na unapiga simu kuomba lingine. Je, unayempigia bado ana kichaka? Vibanja vinagawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vinabaki vipande. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitishwa Kagera, watu wakang'oa na kuchoma migomba yao. Mgomba ukiondoka kivuli kinaondoka, na majani yaliyojificha chini yake yanabaki juani. Nyumba mpya zinajengwa na uwanja wa saruji mpaka mlango wa jiko, pale pale mchaichai ulipokuwa.

Na majina je? Bibi anajua omubirizi upi ni mchungu wa kutibu tumbo na upi umezeeka, anajua ukatwe saa ngapi na uchanganywe na nini. Grant, mgonjwa wa mguu, mgeni asiyejua lugha, alikaa chini akauliza na kuandika. Sisi tuna digrii, tuna simu zinazorekodi sauti, tuna lugha ya mama. Tukienda likizo tunarudi na mfuko wa majani na hatuna hata ukurasa mmoja wa maelezo.

Sisemi uzime friza. Yangu haizimwi. Ila safari ijayo usiombe majani peke yake. Omba na shina lenye mizizi. Mchaichai unaota vizuri tu kwenye ndoo iliyotobolewa, hata kwenye kibaraza cha chumba cha kupanga. Rozimeri inashika kwa kijiti. Omubirizi ni mgumu kama wazee wake, ukichomeka tawi ardhini unaota. Halafu kaa na bibi nusu saa, muulize kila kimoja kinaitwaje na kinafanya nini, uandike na tarehe.

Kwenye barafu majani yatakusubiri miezi sita. Bibi yangu ana miaka themanini na kitu. Wa kwako je?